Tumbo Moja, Kadi Mbili

Kama umeambiwa kwamba uboho wako umeacha kutengeneza damu, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali Mbarara umeshika karatasi usiyoielewa, nakuandikia wewe. Wengine waache kusoma hapa. Sitakuambia usikate tamaa. Walioniambia hivyo walikuwa wamesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, na walipomaliza kusema walikwenda kula.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Nimekulia Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, nimesoma hadi kidato cha nne palepale kambini, na ugonjwa ulinikuta nina miaka ishirini na minne, binti yangu Aline akiwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Ulianza kwa alama: madoa meusi mapajani na mikononi, mengine ya rangi ya zambarau, kama ya mtu aliyechapwa fimbo. Majirani waliyatazama, kisha wakamtazama mume wangu, kisha wakafanya kikao. Wazee watatu wa kanisa wakaja kumkanya aache kunipiga. Mume wangu ana makosa mengi, na angekuwepo hapa ningemsomea yote, ila hilo hakulifanya. Nikawaambia hajanigusa.

"Banamuke bote banasemaka vile," mmoja akasema, na wakauombea mkono wake.

Wiki mbili baadaye mume wangu alikwenda Kampala kutafuta kazi, akisema hawezi kuishi fasi anaitwa mnyama. Mpaka leo anatafuta.

Baada ya alama zikaja fizi. Nikipiga mswaki natema mekundu. Kisha nguvu zikaisha. Dumu la maji nililokuwa nikilibeba bila kufikiri nikawa nalipumzisha mara tatu kabla ya kufika nyumbani, na Aline, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, ananingoja mbele. Zahanati ilinipa dawa ya malaria. Nikarudi, ikanipa dawa ya malaria. Mara ya tatu nilimwambia yule kijana wa dawa kwamba sijawahi kusikia malaria inayotoa damu kwenye fizi. Akaniuliza nimesomea wapi udaktari. Nikamwambia, palepale wewe uliposomea kiburi.

Kilichonipeleka Mbarara ni pua. Nilikuwa kwenye foleni ya mgao, jua la kiangazi cha mwezi wa saba, pua ikaanza kutoka damu na haikukoma. Ililowesha gauni, ikalowesha mfuko wa unga wa mtu wa mbele yangu. Watu wakaniachia njia. Miaka yote niliyoishi Nakivale, hiyo ndiyo mara pekee nimepitishwa mbele kwenye foleni. Jioni hiyo nilikuwa ndani ya ambulansi, na Aline nimemwacha kwa jirani yangu Mama Neema, mwanamke asiyeuliza maswali, Mungu ampe maisha marefu.

Benchi la kungojea lina watu wake. Yuko anayekuuliza unaumwa nini ili akueleze yeye anaumwa zaidi. Yuko anayejua mganga. Yuko anayekutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, anasikia Kiswahili chako, anasema "Mkongo", basi, kana kwamba ametaja ugonjwa. Siku ya pili alikaa karibu yangu mama mmoja mkulima wa Rugaaga aliyekuwa akimuuguza mama yake. Hakujua Kiswahili, mimi Kinyankole changu ni cha sokoni. Alinitazama nikijaribu kula mhogo mkavu, fizi zikivuja, akachukua kikombe chake cha uji wa mtama, akanywa nusu, akanipa nusu. Akafanya hivyo siku nne, mpaka mama yake alipofariki. Jina lake silijui. Nimemkumbuka mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu.

Walinipima damu, wakapima tena, kisha wakanilaza kwa ubavu wakaingiza sindano kwenye mfupa wa nyonga. Nakwambia ukweli: ganzi inafika kwenye nyama, haifiki ndani ya mfupa. Wakivuta ule uboho utahisi kama mguu mzima unanyonywa kwa mrija. Inachukua muda mfupi kuliko kuzaa, na hakuna mtoto mwishoni. Piga kelele ukitaka. Mimi nilitukana kwa Kifuliiru, lugha ya mama yangu, na nesi akasema, "Pole, nyabo," yaani mama, bila kujua nimemwita nini.

Aliyeniletea majibu ni daktari mwanamke, Mnyankole mrefu, mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu asiye na muda. Alivuta kiti. Hilo lilinitisha, maana wengine wote walikuwa wakisimama.

"Mama, uboho yako imelala," alisema. "Haifanyi damu. Sisi tutakuwekea damu ya watu, lakini hiyo ni ya kusaidia tu. Dawa ya kweli ni uboho ya mtu mwingine. Hapa Uganda hatufanyi. Huko nje wanafanya."

"Ya mtu gani?"

"Ya ndugu. Lakini ndugu ya kweli. Mama moja, baba moja."

Nilimuuliza nani alivumbua kitu kama hicho, na kama kinaponya au ni biashara. Nilidhani atanifukuza. Kumbe alikuwa amengoja miaka mtu amuulize. Akaniambia kwamba zamani sana, kabla bibi yake hajazaliwa, wazungu waliwalisha wagonjwa kama mimi uboho wa wanyama, kwa kijiko. Hakuna aliyepona. Baadaye wakafikiria kuupitisha kwenye mshipa. Wakampa mgonjwa uboho wa mtu yeyote aliyekubali, na wagonjwa wakafa. Waliokwenda vizuri kidogo ni wale waliokuwa na pacha. Wakahangaika miaka mingi, wakajaribu kwa mbwa, madaktari wenzao wakawacheka na wengi wakaiacha kazi hiyo. Ndipo wakajua kwamba mwili una alama zake, na uboho usiolingana unageuka kumla mwenye nyumba. Wakaanza kutafuta ndugu wanaolingana, na watu wakaanza kurudi nyumbani wakiwa hai.

"Kwa hiyo walizika watu miaka yote hiyo ndipo wakajua inatakiwa ndugu," nikasema. "Mama yangu angewaambia siku ya kwanza."

"Hata ndugu si kila mmoja," akasema. "Katika wanne, pengine mmoja analingana. Usisahau hiyo, mama."

Nikasahau palepale. Nilisikia neno ndugu tu, kwa sababu ninaye mmoja. Anaitwa Josue, tumbo moja baba mmoja, na alikuwa anaishi Juru, mwendo wa saa moja kutoka kwangu. Ila kwa karatasi hakuwa wangu.

Hapa watu wa Nakivale watanielewa haraka, wengine nitawaeleza. Tulipofika mwaka 1998 nilikuwa na miaka tisa, Josue minne. Baba alikuwa amebaki Kongo, amezikwa. Mama alifia njiani, siku chache kabla ya kuandikishwa. Ndugu wa baba wakatugawa kabla ya kufika kwenye meza ya karani. Kaka mkubwa wa baba, Baba Mkubwa Elia, alimchukua Josue akamwandikisha kuwa mwanawe wa kumzaa, kwa jina la nyumba yake. Shangazi alinichukua mimi, akaniandikisha binti yake. Hakuna aliyeona ni uongo. Kadi yenye watoto wengi ilikuwa na unga mwingi, na yatima aliyeandikwa yatima alikuwa akiulizwa maswali mengi. Tuliambiwa, mbele ya wazungu shangazi ndiye mama yangu, na Josue ni mtoto wa mjomba tu. Kila kijiji kina watoto kama sisi. Kisha shangazi akarudi Kongo, mimi nikaolewa, nikapata kadi yangu, na pale penye ndugu pameandikwa hakuna.

Nilitoka hospitali na chupa tatu za damu mwilini na barua ya daktari. Kwenye ofisi ya wakimbizi, karani aliisoma akafungua kompyuta.

"Hapa huna ndugu," akasema.

"Ninaye. Anaitwa Josue, yuko kwenye kadi ya Elia, Juru."

"Huyo ni mtoto wa Elia."

"Si mtoto wa Elia."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia ukucha wake. "Mama, mnapotaka mgao ni mtoto wa Elia. Mnapotaka Ulaya ni ndugu yako. Tushike lipi?"

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Akasema ofisi itapeleka faili langu nje kama kuna mtoaji, na itagharimia kipimo cha ndugu aliye kwenye rekodi. Elia aje mwenyewe aseme ukweli, au kijana aje, maana ni mtu mzima sasa. Kisha akaita mtu wa nyuma yangu.

Baba Mkubwa Elia ni shemasi. Ana sauti nzuri ya kusoma Zaburi na nyumba ya bati iliyo safi. Mwaka huo kesi yao ya kuhamishiwa Amerika ilikuwa imefika mwisho: wamehojiwa, wamepimwa, wamechanjwa, wanangoja tarehe ya ndege. Nilifika kwake nimeshika ukuta. Mke wake alikuwa mlangoni akichambua maharage. Josue alikaa uani juu ya dumu, anatengeneza kandambili kwa waya, na hakuinua kichwa.

"Ikala, mutoto wangu," Elia akasema.

"Nitasimama. Nikikaa, mutanibeba."

Nikamwambia yote: uboho, ndugu, karani. Alisikiliza amefumba macho, kama anavyofanya kanisani mtu anapotoa ushuhuda mrefu.

"Sasa unataka niende niseme nini? Kama nilidanganya?"

"Ndiyo."

"Bataweka kesi chini. Pengine bataifunga kabisa. Tuko batu tisa, Mama Aline. Tumengoja myaka kumi na mbili. Kuko ule mutoto iko na kifafa, banasema kule kuko dawa yake. Weye uko mutu moja."

"Munipatie Josue. Mubakie munane."

"Josue si sufuria ya kuazimana."

"Mulimuazima kwa mama yangu hata hajaoza."

Mke wake aliacha maharage. Elia akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza sikuona shemasi, niliona mzee mwenye hofu. Ningeweza kumhurumia. Sikutaka.

"Tutakuombea," akasema. "Na tukifika kule tutakuita."

"Mutaita kaburi."

Nikamgeukia Josue. Miaka kumi na tisa, mabega mapana kama ya baba yetu. "Na weye, bwana?"

Alikaza waya kwenye kandambili. Katika wote niliowadharau mwaka ule, na walikuwa wengi, yeye nilimweka juu kabisa.

Basi nikawa mtu wa chupa. Kila wiki tatu, wakati mwingine mbili, naenda Mbarara kuwekewa damu. Masista wa Kikatoliki wenye nyumba kule Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, walinipa kitanda kwa sababu sikuweza kwenda na kurudi Nakivale. Mimi ni Mprotestanti, nilifundishwa kwamba wale wanaabudu sanamu. Waliniwekea maji ya moto kila asubuhi na hawakunitajia sanamu hata moja. Wenye imani yangu walikuja mara moja: kwaya nzima, na sare, wakaimba kando ya kitanda changu hospitali mpaka mgonjwa wa jirani akaomba wamwonee huruma. Nesi akawapongeza, akasema kuna chumba hapo chini, atakayetoa damu atasaidia kuliko wimbo. Hujaona watu wanavyokumbuka safari. Mmoja ana kikao. Mmoja ana presha, ameijua leo. Mwalimu wa kwaya, mwanaume mwenye shingo kama ya fahali, akaniambia kwamba damu yake ni ya Yesu.

"Basi Yesu atoe," nikasema. Hawakurudi.

Mke wa Elia alikuja peke yake, na sufuria. Alikuwa amesikia kwamba nahitaji uboho. Akachemsha mifupa ya miguu ya ng'ombe tangu asubuhi ya jana, akaipasua, akakamua ute wote, akaubeba kutoka Juru mpaka Mbarara umefungwa kwa kitenge. Aliniangalia nikinywa. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikakumbuka wazungu na kijiko chao. Yeye alikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa historia ile, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kurasa nyingine. Nikanywa yote. Haikunisaidia kitu. Alipochukua sufuria alinong'ona kwamba mume wake halali. Nikamwambia mimi nalala vizuri sana.

Nilijifunza kalenda ya shule. Damu nyingi hutolewa na wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa damu inaadimika. Wewe unayesoma, jipange: Desemba na Januari tafuta watu wako mapema, watu wenye mishipa, si wenye nyimbo. Desemba ile mimi sikuwa na mtu. Mvua zilikuwa zimekwisha, Rwizi umepungua, na mimi nimevimba miguu, nasikia moyo wangu masikioni kama mtu anapiga ngoma chumba cha pili. Weupe wa macho ulikuwa na damu, nikijitazama kwenye kioo cha masista naona mnyama. Mama Neema alimleta Aline nimwone. Alikataa kunijia. Alijificha nyuma ya sketi ya Mama Neema akasema, "Ule si mama." Sista mmoja mzee wa jikoni akamchukua akamwonyesha kuku. Nami nikageukia ukuta.

Josue alikuja wiki iliyofuata, asubuhi, nikiwa kwenye kibaraza nimejifunika blanketi kwenye jua. Alisimama mbali kidogo, ameshika mfuko wa plastiki wenye nguo zake.

"Yaya," akaniita, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu. "Nimejitosha kwa kadi."

"Kadi gani?"

"Ya Baba Mukubwa. Nilienda ku biro. Nikasema kama miye si mutoto wake."

Alieleza taratibu jinsi alivyojitoa, akiangalia miguu yake. Alikwenda ofisini siku tatu mfululizo, siku mbili za kwanza alirudi kutoka mlangoni. Siku ya tatu karani akamuuliza mara tatu kama ana uhakika, akamwambia jina likitoka kwenye kesi ya Amerika halirudi. Akatia sahihi. Karani akagonga muhuri, akaenda chakula cha mchana.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Elia anasema nini?"

"Anasema nimekufa."

"Na kesi yao?"

"Bameisimamisha kwanza. Banasema pengine itaendelea, bila miye."

Nilitaka kusema jambo jema. Nilikuwa nimemdharau miezi mitano na sikujua pa kuiweka dharau hiyo. Nikamwambia asiniangalie hivyo, akaoge, ananuka safari. Mchana ule akatoa damu chupa moja, makundi yetu yalipatana. Nilipewa kesho yake. Nikalala siku mbili bila kusikia ngoma.

Nisikudanganye kitu. Kama karani angesema kesi ya wote tisa lazima ife ndipo nipimwe, pamoja na mtoto wa kifafa, ningesema ife. Nilikuwa na mtoto wangu anayeniita mtu mwingine. Elia alihesabu watu wake na mimi nikahesabu wangu. Tofauti ni kwamba mimi sikusoma Zaburi kwanza.

Karatasi zilipokubali kwamba tuna mama mmoja, tulichukuliwa damu ya kulinganisha, tumekaa viti viwili vinavyotazamana. Josue aligeuza uso, haogopi nyoka lakini anaogopa sindano. Vichupa vikaenda nje ya nchi. Tulingoja msimu mzima wa mvua ndefu. Yeye akapata kazi ya kulimia watu upande wa Ruti, jioni anarudi na matope mpaka magotini, anakaa mlangoni pa masista akinisimulia mambo ya mama ambayo hawezi kuyakumbuka, ameyasikia kwangu mimi mwenyewe tukiwa wadogo, kwa siri. Nilimwacha asimulie. Nilianza kupanga. Nilishafikiria sweta nitakalovaa kwenye ndege.

Daktari alivuta kiti tena.

"Hamulingani," akasema. "Nusu tu."

"Nusu si kitu?"

"Kwa wewe, kwa sasa, si kitu. Hiyo ya nusu wanaanza kuijaribu huko mbali, lakini hawatakuchukua na nusu."

Josue aliuliza kama wanaweza kupima tena. Daktari akasema wamepima mara mbili. Akauliza kama angetoa zaidi, uboho mwingi zaidi, kama ingejaza ile nusu nyingine. Daktari hakucheka. Alimjibu kama anamjibu daktari mwenzake, kwamba swali hilo wengi waliuliza kabla yake, na watu wakafa ndipo likajibiwa.

Tulitoka nje. Nilingoja anitukane. Amerika yake imekwenda, wale wanane walikuwa wamepanda ndege mwezi uliotangulia, na alichopata badala yake ni karatasi yenye neno hapana. Tulipofika darajani alisimama akaangalia maji ya Rwizi, ya kahawia, yamejaa.

"Njaa inaniuma," akasema.

Basi tukala. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote, na tulikula mandazi.

Kilichobaki ni dawa. Daktari alisema iko dawa iliyotafutwa kwa ajili ya watu waliowekewa viungo vya wengine, ili mwili usivikatae. Mara nyingine inaamsha uboho uliolala kama wangu, maana huenda ni mwili wangu wenyewe uliokuwa ukiupiga. Mara nyingine haiamshi. Masista waliandika barua, na dawa zikaja kwenye katoni lenye stempu za nchi nisiyoijua. Kwa hiyo historia ile yote, mapacha na mbwa na waliokufa, ikaniletea makombo ya meza yake. Nikayala asubuhi na jioni.

Nitakuambia yale wasiyokuambia. Utaota nywele. Mimi niliota mashavuni, mgongoni, na ndevu kidevuni ambazo mume wangu hakuwahi kuzipata. Fizi zilinenepa mpaka meno yakaonekana ya mtoto. Mikono inatetemeka, chai inamwagika. Nilirudi Nakivale na uso ule, wanawake kwenye bomba wakafunika midomo. Mmoja akasema mume wangu akitoka Kampala atakuta mwanaume mwenzake. Nikamwambia huyo akitoka Kampala, nitamkopesha wembe. Aline, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alizipenda zile ndevu. Alizishika kwa vidole viwili, akanusa shingo yangu, akasema, "Mama." Akalala papo hapo.

Miezi miwili hakuna kitu. Mwezi wa tatu wa dawa, daktari aliangalia karatasi kwa muda, akasema turudi baada ya wiki nne badala ya tatu. Kisha wiki sita. Mvua za Septemba zikaja zikaisha, na Desemba shule zilipofungwa sikumtafuta mtu. Sasa ni mwaka 2015, sijawekewa chupa tangu mvua zile za mwishoni mwa mwaka jana. Daktari hasemi nimepona. Anasema uboho umeamka, na kwamba unaweza kulala tena. Napenda anavyosema bila kunibembeleza.

Kama una ndugu aliyeandikwa kwenye kadi ya mwingine, nenda kaseme leo, kabla hujaumwa, kabla hajapatikana mtu wa kuumia. Na usisahau ile robo, mmoja katika wanne, kama nilivyoisahau mimi. Mtu akikuletea supu ya mifupa, kunywa. Mtu akikuletea wimbo, muonyeshe chumba cha damu kilipo.

Elia alipiga simu mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada. Kule kwao ilikuwa bado asubuhi. Mtoto wa kifafa amepata dawa, haanguki tena. Nilifurahi, na sikumwambia. Alizunguka sana, akauliza mvua, akauliza kanisa, kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Tulisikia majibu yenu, Mama Aline. Kama hamukulingana. Sasa uliona. Ulimupotezea kijana maisha yake, bule kabisa."

Nilikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nalo tangu Juru, nimelinoa mwaka na nusu. Lakini Josue alikuwa amekaa karibu yangu anapukuchua mahindi, na sauti ya Elia ni ya mhubiri, inasikika hata bila spika. Akanyoosha mkono nikampa simu.

"Baba Mukubwa," akasema, "shikamoo. Sikubakia juu ya uboho. Majibu ilitoka kitambo, na miye ningali hapa." Elia akauliza kama mimi ndiye nimemzuia. "Hapana. Nilibakia juu, kwa karatasi, Yaya alikuwa hana mutu. Mumusalimie Mama Mukubwa. Mumuambie tunakumbuka supu yake."

Akakata. Akanirudishia simu, akauliza kama maharage yameiva. Nikamwambia bado, akachote maji kwanza.